Mwacheni Mtoto Ahesabu kwa Vidole

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi leo nimekuja na vidole vyote kumi, wala sikuja kuvunja chawa. Nimekuja kuvitetea. Mashtaka yanayovikabili yanajulikana na kila mmoja wetu: ati mtoto anayehesabu kwa vidole ni mjinga, ati ni mvivu wa kufikiri, ati akizoea mchezo huo atauendeleza hadi chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne. Mimi mwenyewe niliyaamini maneno haya kwa miaka mingi bila kuuliza swali hata moja. Sasa siyaamini tena. Naomba nikueleze sababu, msomaji mpendwa, maana kosa lenyewe nililitenda kwa mkono wangu.

Nilipokuwa darasa la kwanza tulifunzwa kukalia mikono. Naam, kukalia! Hesabu za kichwa zilipoanza, amri ilikuwa moja tu: mikono chini ya mapaja. Aliyeonekana akichezesha vidole alichapwa rula juu ya vidole hivyo hivyo, na darasa zima likamcheka. Sitataja shule wala mtu, kwani yule mwalimu alitupenda sana na alifunza vile alivyofunzwa. Lakini sisi tulijifunza nini? Tulijifunza kuficha. Wapo waliohesabu kwa ulimi, wakigusa jino moja baada ya lingine. Wapo waliohesabu matofali ukutani. Mimi nilivuta mikono ya sweta ikafunika viganja, nikawa nahesabu humo ndani gizani kama mwizi wa kuku.

Miaka ikapita. Nikasahau ule uchungu, nikabaki na ile amri.

Kitindamimba wetu ana miaka sita, na yuko Gredi ya Kwanza. Nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu anapenda kutoa amri kuliko babangu. Mama hurudi kutoka sokoni jioni sana, na baba huja mwisho wa mwezi, kwa hivyo mwalimu wa Bosi wa kazi ya nyumbani ni mimi. Jioni moja mwanzoni mwa muhula aliandika sita ongeza tatu. Akaiweka penseli chini, akainua vidole sita, kisha akaanza kutafuta vingine vitatu huku ametoa ulimi nje. Nilichukua rula nikamgonga vidoleni. Si kwa nguvu, lakini nilimgonga. "Hesabu kwa kichwa!" nikamwambia. "Wewe si mtoto wa chekechea!"

Bosi hakulia. Alinitazama tu, kisha akaweka mikono chini ya meza.

Baada ya siku hiyo majibu yake yalianza kunishangaza. Nne ongeza moja, nane. Mbili ongeza mbili, nane. Tatu ongeza sita, nane. Nilifikiri ananidhihaki. Kumbe maskini alikuwa akitafuta namba yoyote ya kunifanya nimwache akacheze. Nikaongeza ukali, nane nazo zikaongezeka.

Kisha, ghafla bin vuu, majibu yakawa sahihi. Nne ongeza tatu, saba. Tano ongeza nne, tisa. Nikafurahi ajabu, nikajiona mwalimu hodari. Lakini niligundua jambo: siku hizo Bosi alikuwa amevua viatu kabla hata sijafungua daftari, na miguu yake haikuonekana, ilikuwa nyuma ya kiti. Nikainama kuchungulia. Vidole vya miguu vilikuwa vinacheza! Kimoja, cha pili, cha tatu. Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama kooni, kwani Bosi aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, na hivi pia ni makosa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia avae viatu tukale.

Jumamosi iliyofuata nilienda kumsaidia mama kibandani sokoni hapa Nakuru. Mteja mmoja alichukua nyanya za shilingi 20, kitunguu cha 10, sukuma wiki ya 20 na hoho ya 10, akatoa noti ya 100. Mimi nikatoa simu nitafute kikokotoo. Kabla sijakifungua, mama alikuwa amemrudishia mteja shilingi 40 na kumtakia siku njema.

"Mama, umehesabuje haraka hivyo?" nikauliza.

Mama aliiweka mikono yake miwili juu ya gunia. "Mami, mia ni mikono miwili. Kila kidole ni kumi." Akakunja viwili vya nyanya, kimoja cha kitunguu, viwili vya sukuma, kimoja cha hoho. "Vilivyobaki vimesimama ni vingapi?"

"Vinne."

"Basi hiyo ndiyo chenji."

Nilipigwa na butwaa. Mamangu aliacha shule akiwa darasa la saba, na kwa miaka yote ambayo nimemjua hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba chenji haikutosha. Siku hizi havikunji vidole waziwazi. Anasema aliacha zamani, vidole anaviona kichwani. Nikamsimulia kuhusu kule kukalia mikono na kuhusu Bosi. Mama alicheka akatikisa kichwa. "Mimi ningekalia mikono, ningewauzia watu nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali. Kwa kuwa mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, nilianza na lugha, na ninakuomba wewe uliye mwanachama mwenzangu usikilize kwa makini.

Nyanyangu alinihesabia kwa Kikuyu. Tatu ni ithatũ, na sita ni ithathatũ. Nne ni inya, na nane ni inyanya. Hebu yatamke mwenyewe! Sita ni tatu na tatu, nane ni nne na nne. Inua vidole vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, utaiona sita imekaa sawasawa kama ng'ombe wawili waliofungwa nira. Kisha jirani yetu wa kutoka Siaya akanihesabia kwa Kijaluo. Tano ni abich, moja ni achiel, na sita ni auchiel. Mbili ni ariyo, na saba ni abiriyo. Yaani tano na moja, tano na mbili. Mkono wa kwanza umejaa, sasa anaanza wa pili. Kule Afrika Kusini, Wazulu huita sita isithupha, na neno hilo hilo ni jina la kidole gumba, kwa sababu ukimaliza mkono mmoja unaanza wa pili kwa gumba. Wamaasai nao wana ishara ya vidole kwa kila namba, na ukiijua unaweza kuambiwa idadi ya mbuzi bila neno kutamkwa.

Na Kiswahili chetu je? Sita, saba na tisa tuliyapokea kutoka Kiarabu. Zamani Waswahili walisema tandatu kwa sita, na kenda kwa tisa. Unadhani kenda limekufa? Waulize Wamijikenda, watakwambia jina lao ni la miji tisa. Mikono ya mababu zetu imo ndani ya maneno yetu. Hata hii desturi ya kuhesabu kwa makumi, tufikapo kumi tukaanza tena kumi na moja, haikutokana na kitu kingine ila vidole kumi. Laiti tungezaliwa na vidole vinane, Hisabati ingekuwa na sura nyingine kabisa!

Fauka ya hayo, tazama watu wazima walio karibu nawe. Waislamu wengi wakimaliza sala huhesabu tasbihi kwa pingili za vidole, 33 mara tatu, na hakuna anayewaita wajinga. Makanga wa matatu anakuonyesha vidole viwili kutoka mbali, nawe unajua zimebaki nafasi mbili. Refa wa mpira wa vikapu huonyesha namba ya mchezaji aliyekosa kwa vidole mbele ya uwanja mzima. Mbona basi aibu hii tumemtwika mtoto wa miaka sita peke yake?

Nilipeleka swali langu kwa mwalimu wetu wa Hisabati nikitarajia anicheke. Hakunicheka. Aliniambia jambo hili limechunguzwa. Mwaka wa 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lausanne nchini Uswisi, wakiongozwa na Catherine Thevenot, walichapisha uchunguzi katika jarida liitwalo Child Development. Walichukua watoto zaidi ya 300 wa miaka 5 na 6 nchini Ufaransa. Wale ambao hawakuwa wakitumia vidole walipofunzwa kuvitumia, majibu yao sahihi ya kujumlisha yalipanda kutoka asilimia 37 hadi 77. Huo si mchezo! Wanafunzi wa Kidato cha Tatu, ni nani kati yetu asiyetamani kupanda hivyo katika mtihani mmoja?

Najua utanipinga. Ni haki yako, na mwalimu wangu wa zamani angekuwa hapa angekuwa wa kwanza kunyosha mkono. Utasema: vidole ni mkongojo, na anayezoea mkongojo hatembei. Nakubali kwamba ipo hatari. Mtoto wa miaka tisa au kumi ambaye bado anahesabu nane ongeza mbili kuanzia moja, kidole kwa kidole, anahitaji msaada. Lakini fikiri vizuri. Je, ulijuaje kwamba anahitaji msaada? Si uliona vidole vyake! Ungemfanya akalie mikono usingejua. Angekwambia "nane" kama Bosi, nawe ungemwita mjinga ukaenda zako.

Hili ndilo neno langu kuu, na ukisahau mengine yote usilisahau hili. Mtoto mdogo akihesabu kwa vidole, anakuonyesha mawazo yake. Unaona alipoanza, unaona aliporuka, unaona alipohesabu kidole kimoja mara mbili. Ukivificha vidole vyake hujaliondoa kosa, umeliondoa tu machoni pako. Nilipomgonga Bosi sikumfunza kuhesabu kwa kichwa. Nilimfunza kuniogopa.

Tena, mkongojo haufai kuitwa mkongojo kama unaachwa wenyewe. Mtoto akijifunza kutembea hushika ukuta, na sijasikia mzazi aliyebomoa ukuta ili mtoto atembee upesi. Mama alikunja vidole alipoanza biashara, leo hakunji. Hakuna aliyemchapa ndipo akaacha. Aliacha kwa sababu hakuvihitaji tena.

Hata hivyo, kumwachia mtoto vidole bila kumwonyesha njia hakutoshi. Kuvitumia ni kitu cha kufundishwa. Nimejaribu mambo haya na Bosi muhula huu, na ninayaandika hapa kwa faida yako wewe ambaye una ndugu mdogo nyumbani.

Kwanza, aanze mkono uo huo kila siku na kidole kicho hicho, ili tano iwe daima mkono mmoja uliojaa. Pili, ajifunze kuinua namba kwa mara moja. Ukisema "saba!" ainue mkono mzima na viwili, bila kuanza moja, mbili, tatu. Sisi tulifanya mashindano, na Bosi alinishinda mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Tatu, afunzwe kuanza na namba kubwa. Sita ongeza tatu: sita aiweke kichwani, kisha ainue vitatu tu, saba, nane, tisa. Hapa ndipo kichwa kinapoanza kufanya kazi, na vidole vyenyewe ndivyo vilivyokifungulia mlango. Nne, afanye kama mama sokoni: mikono yote miwili wazi, akunje vinne, aseme vilivyobaki. Mtoto anayejua sita na nne ni marafiki, saba na tatu ni marafiki, huyo chenji haimsumbui maishani.

Na usidhani vidole ni vya watoto wa Gredi ya Kwanza pekee. Jedwali la tisa lilinitesa sana nilipokuwa mdogo, hadi rafiki yangu aliponionyesha siri. Nyosha vidole kumi mbele yako. Ukitaka tisa mara nne, kunja kidole cha nne kutoka kushoto. Kushoto kwake vimebaki vitatu, kulia sita. Jibu ni 36. Tisa mara saba? Kunja cha saba. Kushoto sita, kulia vitatu, 63. Jaribu mwenyewe kabla hujaendelea kusoma. Nakungoja.

Sasa neno kwa walimu wetu, kwa heshima na taadhima. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kikatili au kwa njia ya kumdhalilisha, iwe ni mwilini au akilini. Rula juu ya vidole ni kiboko kifupi. Na kicheko cha darasa zima ni kiboko kisicho na alama. Sidai kwamba walimu wetu hapa wanafanya hivyo. Lakini wengi wetu tunaosoma shule hii ya kutwa tunarudi nyumbani kila jioni, na jioni hizo sisi ndio walimu. Sisi ndio wenye rula. Amri tulizopewa zamani tunazipeleka kwa wadogo zetu kama sweta ya kurithi, bila kuuliza kama inawatosha.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Leo jioni ukimkuta mdogo wako ameinua vidole juu ya daftari, usimpige, usimcheke, usimwambie wewe si mtoto wa chekechea. Keti karibu naye. Tazama vidole vinaenda wapi. Akikosea, utaona alipokosea, na hapo ndipo utakapomsaidia.

Nami nililazimika kumwomba Bosi msamaha. Si rahisi kumwomba msamaha mtoto wa miaka sita, hasa yule anayependa kutoa amri. Nilimwambia, "Rula ile ilikuwa makosa yangu. Hesabu na vidole, hata vya miguu ukitaka." Akaniambia niitupe rula. Sikuitupa, nina hesabu za Jiometri, lakini niliiweka juu ya kabati.

Juzi nilimwuliza tena, sita ongeza tatu. Alikuwa akinywa chai, mikono yote miwili imeshika kikombe. "Tisa," akajibu, bila kuinua hata kidole kimoja.

"Umejuaje?"

Alikiweka kikombe chini. Akainua mkono mzima na vinne, akanionyesha polepole, kama mtu anayemfunza mtoto mdogo.